Kampuni Inajua Deni la Bibi, Haijui Betri Yake

Wiki tatu zilizopita tulijaa ukumbini kumsikiliza mgeni kutoka kampuni moja kubwa, aliyekuja kuzungumzia mageuzi ya kidijitali. Tusidanganyane, wengi tulifuata msosi. Lakini mgeni alikuwa mzungumzaji mzuri, slaidi zake zilikuwa safi, na moja ilikuwa na jani la kijani lililoota juu ya kompyuta. Hoja yake ilikuwa hivi: kampuni ikihamia dijitali inaacha karatasi, inapanga safari za magari yake kwa kompyuta ili yasizunguke bure, inajua umeme wake unapotelea wapi, na kwa hiyo ubunifu unaojali mazingira unakuja wenyewe, kama mvua inavyofuata mawingu. Tukapiga makofi. Mlangoni kila mmoja akapewa kabrasha la kurasa arobaini, limechapishwa kwa rangi na kufungwa nailoni.

Sikuuliza swali siku ile. Muda wote wa maswali ulimalizwa na watu wawili, si mnawajua, wale wanaoanza na "mimi nina mchango kidogo". Na swali langu lilihusu boksi lililoko chini ya kitanda cha bibi yangu, lisingetosha kwenye dakika mbili. Acha niliulize hapa.

Nimelelewa na bibi, kijijini, wilaya ya Urambo mkoani Tabora. Mpaka namaliza darasa la saba tulikuwa tunasomea kibatari. Asiyewahi kusomea kibatari hajui habari ya kuamka asubuhi na kupenga kamasi jeusi. Nilipoingia kidato cha kwanza akapita kijana na pikipiki, nyuma kafunga maboksi, akamwambia bibi anaweza kupata taa tatu, redio na sehemu ya kuchajia simu kwa kianzio kidogo, halafu shilingi mia tano kila siku kwa miaka mitatu. Ukilipa kwa simu, boksi linajifungua lenyewe. Usipolipa, linajifunga. Bibi aliuliza swali moja tu: "Nikikosa hela wiki nzima, mnakuja kunyang'anya?" Kijana akasema hapana bibi, litalala tu mpaka utakapolipa. Bibi akaridhika. Wakopeshaji aliowazoea yeye walikuwa hawalali.

Miaka yangu ya sekondari niliisomea taa ile. Kwa hiyo mtu asisome makala hii akafikiri nadharau sola. Matokeo yangu ya kidato cha nne yana mkono wa boksi lile. Na hapo ndipo mgeni wetu wa ukumbini alikuwa na haki kabisa, kwa sababu bila dijitali boksi lile lisingefika Urambo.

Paneli za sola zilikuwepo miaka mingi kabla. Kilichokosekana ni namna ya kumuuzia mtu asiye na mshahara, anayepata hela leo na kesho hana. Benki haimkopeshi. Muuzaji naye akimkopesha, itabidi amtume mtu kila mara kwenda kudai, na mafuta ya pikipiki ya kufuata mia tano yanazidi mia tano yenyewe. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, na kuingia kwetu mwaka uliofuata, hela ndogo ikaanza kusafiri bila mtu kusafiri. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ikaanza kuuza sola Kenya kwa mtindo huo: unaweka kianzio, kisha unalipa kiasi kidogo kila siku kupitia simu, na ndani ya boksi kuna laini inayowasiliana na kampuni. Off Grid Electric nayo ilifanya jambo la jinsi hiyo ikianzia Arusha. Kwa sisi Watanzania wazo lenyewe halikuwa geni sana, tulishazoea LUKU. Kigeni kilikuwa kuipeleka LUKU kwenye nyumba ambayo nguzo haijafika.

Naomba msomaji aliangalie hilo vizuri, maana makala yangu yote imesimama hapo. Kitu kipya hakikuwa jua wala paneli wala taa. Kilikuwa kufuli na malipo. Kampuni zile zilipata njia ya kumwona bibi yangu, kumhesabu, na kumwamini kwa shilingi mia tano mia tano. Huo ni ubunifu mkubwa, na mazingira yalinufaika nao, na mapafu yangu pia.

Kampuni ya bibi si kati ya hizo mbili, na sitaitaja. Bibi alimaliza deni. Miezi mitano baadaye taa zikaanza kuzimika saa tatu usiku, kisha saa mbili, mwisho zikawa zinawaka kwa muda wa kutafutia viberiti tu. Nikapiga simu huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa mstaarabu kwelikweli. Akasoma namba ya mkataba. Akaniambia tarehe ya malipo ya kwanza. Akaniambia kwamba mteja alichelewa siku kumi na moja mfululizo katika mwezi fulani, na mimi nikakumbuka, ulikuwa mwezi wa msiba wa babu. Akaniambia tarehe aliyolipa shilingi ya mwisho. Yaani alikuwa anajua maisha yetu kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Nikamwuliza: na betri?

Kimya. Halafu: "Kaka, mfumo unaonyesha mkataba umefungwa."

Nikauliza, basi hii betri iliyokufa tuipeleke wapi? Akasema tuitupe kwa utaratibu wa huko tuliko. Utaratibu wa huko tuliko ni shimo nyuma ya choo. Bibi hakukubali, akasema kitu alicholipia miaka mitatu hakiendi chooni. Ndiyo maana mpaka leo boksi liko chini ya kitanda.

Sasa, wenzetu wanaosoma uhandisi wanajua kwamba boksi la namna ile linapima chaji ya betri muda wote. Lisingepima, lisingeweza kuzima taa kabla betri haijakauka kabisa. Na laini ya simu imo humohumo ndani. Kwa hiyo habari ya betri kuchoka ilikuwepo, na barabara ya kuipeleka makao makuu ilikuwepo, ileile iliyokuwa inapeleka habari za deni. Hakuna aliyeiomba, basi. Mfumo mzima ulijengwa kutazama deni, na siku deni lilipoisha mfumo ukafumba macho.

Huwa nasikia kwamba tafiti zimeshathibitisha suala hili, kwamba kampuni za kidijitali zina ubunifu zaidi wa kijani. Nilikwenda kuzisoma kwa sababu nilikuwa nakwepa kuandika ripoti yangu ya TP. Nyingi zimefanywa China, kwenye kampuni zilizoorodheshwa soko la hisa, na nyingi kweli zinakuta uhusiano mzuri kati ya vitu hivyo viwili. Lakini angalia zinavyopima. Ili kujua kampuni imehamia dijitali kiasi gani, tafiti nyingi zinahesabu ni mara ngapi maneno kama "data kubwa" au "akili mnemba" yametokea kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni. Ili kujua ubunifu wa kijani, zinahesabu hataza zilizoombwa au kutolewa. Basi.

Sisi wa ualimu tunafundishwa mwaka wa pili kwamba mtihani lazima upime kile unachosema unapima. Ukitaka kujua kama mtoto anaogelea, humpi karatasi aandike insha kuhusu bahari. Kuhesabu neno "dijitali" kwenye ripoti ya kampuni ni kama mimi nikuletee wasifu wangu wa kuombea kazi wenye neno "mchapakazi" mara ishirini, nawe uandike kwamba umethibitisha. Sisemi tafiti zile ni uongo. Zinaweza kuwa zimeona kitu cha kweli. Ila hataza ni mwanzo wa habari ya kifaa, na kwa bibi yangu tatizo liko upande wa pili, mwisho wa kifaa, ambako hakuna anayehesabu.

Hata kampuni zilizobobea kabisa katika dijitali hazijapata huo ukijani wa kuja wenyewe. Google ilitoa ripoti mwaka 2024 ikikiri yenyewe kwamba hewa ukaa yake imeongezeka kwa asilimia 48 tangu 2019, sehemu kubwa kwa sababu ya umeme wa vituo vyake vya data na ya wauzaji wanaoihudumia. Na hiyo ni kampuni iliyojiwekea lengo la kufuta uchafuzi wake ifikapo 2030. Na kama unataka mfano wa karibu, kuna chuo kimoja ninachokifahamu vizuri sana ambako unasajili kozi mtandaoni, halafu unaichapa fomu nakala tatu, unaipeleka ipigwe muhuri. Wenye steshenari pale getini wanaipenda sana dijitali yetu.

Lakini nisibaki kulalamika tu, kwa sababu uko mfano mwingine uliofanya kazi vizuri zaidi, nao ulianzia hapahapa Dar es Salaam. Ni wa gesi. Watu wanadhani familia za uswahilini zinapika kwa mkaa kwa sababu mkaa ni rahisi. Si kweli, piga hesabu ya mwezi mzima uone. Mkaa unashinda kwa sababu unauzwa kidogokidogo. Una elfu moja, unapata mkaa wa elfu moja. Gesi inakutaka ujaze mtungi mzima siku ambayo huna hela ya mtungi mzima. Kampuni ya KopaGas ikaweka mita yenye mawasiliano juu ya mtungi: unalipa kwa simu kiasi ulichonacho, mita inaruhusu gesi ya kiasi hicho. Yaani waliifanya gesi iuzwe kama mkaa. Mwaka 2020 kampuni ya Uingereza, Circle Gas, ilinunua teknolojia hiyo kwa dola milioni 25, na huduma ya namna hiyo ikaenda mpaka Kenya. Najua gesi inachimbwa ardhini na si kijani kihivyo. Lakini kwa nchi iliyojiwekea mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, kila jiko la mkaa linalozimwa ni mti uliobaki umesimama. Natoka Tabora, najua miti inakokwenda.

Sasa linganisha. Mtungi wa gesi haukai chini ya kitanda. Ukikaribia kwisha, mita inaijulisha kampuni, wanakuja na mwingine, wanaondoka na mtupu. Kwa nini wa gesi wanarudi na wa sola hawarudi? Teknolojia ni ileile, mita, laini na malipo ya simu. Tofauti ni kwamba mtungi na mita vimebaki mali ya kampuni. Wanavihitaji ili wauze tena kesho. Betri ya bibi ilishakuwa mali ya bibi siku alipomaliza deni, na tangu siku hiyo kifo cha betri kikawa msiba wa bibi peke yake. Kwa hiyo mimi naona swali la kama dijitali inaleta ubunifu wa kijani limeulizwa vibaya. Tuulize kifaa kikifa ni cha nani. Ukijua hilo, utajua dijitali ya kampuni itatazama wapi.

Na wala hatuhitaji kwenda mbali kulielewa. Chupa ya soda ya kioo ilikuwa inarudi kiwandani kabla intaneti haijafika nchi hii. Hakukuwa na mfumo wala programu. Kulikuwa na hela ya chupa: huna chupa tupu, unaacha hela dukani. Watoto tulikuwa tunaokota chupa njia nzima. Kama shilingi mia chache ziliweza kurudisha chupa kutoka Urambo, inashindikanaje kurudisha betri, wakati leo kampuni ina jina la mteja, namba yake ya simu, mahali alipo, na wakala mwenye pikipiki aliyelileta boksi mpaka mlangoni?

Najua jibu la kampuni, na ni jibu la haki: gharama. Biashara ya sola vijijini ni ngumu. Kusafirisha betri zilizokufa kutoka vijijini mpaka kwenye kiwanda kinachozichakata ipasavyo ni hela, na betri za lithiamu zina hatari ya kuwaka moto njiani. Lakini gharama haipotei kampuni ikiikataa. Inahamia tu. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi. Phyllis Omido, mama aliyekuwa ameajiriwa hapo, aligundua mwanawe mchanga ana sumu ya risasi kwenye damu, akaanza kupigania mtaa mzima. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikaupindua uamuzi huo, na mwisho wa 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Kwa hiyo nikisema warudishe betri, sina maana ya kumpa yeyote mwenye tanuri uani kwake. Na nikisema bibi alifanya vizuri kuizuia betri isiende shimoni, sifanyi utani.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na zilizokusanywa na kuchakatwa kwa utaratibu unaojulikana ni asilimia 22.3 tu. Kwa Afrika haifiki asilimia moja. Boksi la bibi limo humo.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Kufuli na malipo ndiyo mali halisi ya kampuni hizi, na kufuli halichagui rangi. Linafunga sola, linafunga simu, linafunga pikipiki. M-KOPA leo inajulikana sana kwa kukopesha simu janja, ina mpaka kiwanda cha kuziunganisha Nairobi, na pia inakopesha pikipiki za umeme. Siwalaumu, watu wanahitaji simu. Ila inaonyesha kwamba kampuni ilipokuwa inakwenda kijani na ilipokuwa inakwenda kwenye simu, ilikuwa inaendeshwa na chombo kilekile, ikifuata soko lilipo. Anayetaka soko liwe upande wa mazingira inabidi alisukume. Serikali iliweza kuzuia mifuko ya plastiki Juni 2019, na watu wakasema haiwezekani, leo tunabeba vikapu. Kwa nini mkataba wa mkopo wa kifaa chenye betri usiwe na kifungu kimoja kinachosema kampuni itaichukua betri ikifa, na mteja atapunguziwa kiasi fulani kwenye kifaa kijacho? Laini imo ndani tayari. Ujumbe wa "betri yako imechoka, mpigie wakala" haugharimu zaidi ya ujumbe wa "malipo yako yamechelewa".

Wenzangu wa kompyuta na uhandisi, ninyi ndio mtakaoajiriwa kuandika mifumo hiyo. Siku mtakapopewa orodha ya vitu vya kuonyesha kwenye skrini ya bosi, vyote vitakuwa vya hela: nani kalipa, nani kachelewa, nani akopeshwe tena. Ongezeni mstari mmoja wa vifaa vilivyorudi. Hata kama utasomeka sifuri mwaka mzima, mtu ataiona hiyo sifuri kila asubuhi. Na sisi wa ualimu tutakaopangiwa vijijini, tutakuwa wateja wa maboksi hayohayo, mnaujua mshahara wa kuanzia. Tusaini baada ya kuuliza.

Serikali yetu ya wanafunzi nayo ina kazi hapa. Muhula ujao watakuja wageni wengine wa kampuni, na slaidi zenye majani. Naomba mwaliko uwe na sharti dogo: waje na idadi ya vifaa walivyouza na idadi ya vilivyowarudia vikiwa vimekufa. Na wale wawili wa mchango kidogo nawaomba safari hii waanze na hilo.

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani. Umeme wa REA umefika kijijini, bibi aliungiwa kwa shilingi 27,000, sasa ana LUKU ya kweli. Jioni simu yake ikalia, akanipa nimsomee. Ilikuwa kampuni ileile ya sola. Walimwita mteja bora, wakampongeza kwa rekodi yake nzuri ya malipo, wakamwambia amefuzu kukopeshwa simu janja bila kianzio, ajibu NDIYO.

Bibi akacheka. Akaniuliza kama ujumbe ule unaweza kujibiwa kwa maneno mengine. Nikamwambia tujaribu. Tukaandika kwamba betri yao ipo, ni nzima haijapasuka, waje kuichukua. Mfumo ukajibu palepale kwamba jibu halijatambulika.